Maswali ya Mashine za Kahawa: Chokaa, Gasketi na Mvuke wa Uongo

Barua nyingi za safari hii zimetoka Tanga, na ukizichimba, nusu yake zinaishia kwenye maji. Si ajabu. Tanga ni nchi ya jiwe la chokaa, lile lile ambalo maji yalilila mpaka yakatokea Mapango ya Amboni, na ambalo Pongwe wanalichimba kutengenezea saruji. Maji ya kisima yanayopita humo yanabeba chokaa hadi ndani ya boila yako, lile tangi la kuchemshia maji ya mashine.

*Salaam wataalamu. Nina mashine ya Kiitaliano yenye boila ya shaba na kichwa cha aina ya E61 (kile kinachomwaga maji juu ya kahawa), mwaka wa pili sasa. Zamani kikombe kilitoka kwa sekunde 28, siku hizi ni 50, na hata nisipoweka kahawa maji yanachuruzika tu. Natumia maji ya kisima cha nyumbani, nayachemsha na kuyachuja kwa kitambaa. Nimeambiwa nipitishe siki. Nipitishe?*
Msomaji, Raskazone

Wa alaykum salaam. Siki iache kwenye achari. Ni dhaifu kwa chokaa iliyoganda, na harufu yake utaionja kwenye kahawa kwa siku nyingi.

Umetuambia jambo la maana: hata bila kahawa maji hayaji. Basi usibadilishe usagaji, kizuizi kiko kabla ya kikapu cha kahawa. Pima hivi. Toa mpini unaobeba kikapu hicho, weka kikombe cha vipimo chini ya kichwa, washa pampu sekunde 10. Kwa pampu ya kutetemeka tunatarajia mililita 60 hivi au zaidi. Ukipata 20 au 30, njia imeziba.

Mahali pa kwanza pa kutazama ni kitobo kidogo kilicho ndani ya kofia ya juu ya kichwa, chenye upana wa milimita 0.7 hadi 0.8. Chomoa waya ukutani na uache mashine ipoe kabisa, kisha fungulia bomba la mvuke uhakikishe presha imekwisha. Fungua kofia kwa spana inayokaa sawasawa, maana koleo litachubua kromu. Ndani utakuta kitobo hicho na kichujio chake cha wavu. Koroga gramu 30 za ndimu ya unga, yaani vijiko viwili vya chakula hivi, kwenye lita moja ya maji ya vuguvugu, uviloweke kwa nusu saa. Povu likikoma, suuza. Usichokoe kitobo kwa sindano ya chuma: ukikipanua hata kidogo, maji yatakuja kwa kasi isiyo yake na hutaweza kukirudisha.

Sasa tazama ndani ya kofia. Ikiwa utando wa chokaa ni mwembamba kama vumbi la chaki, safisha, funga, endelea. Ikiwa ni magamba yanayobanduka, jua kwamba boila nayo iko hivyo, na hapo tunakushauri usipitishe asidi yoyote mashine ikiwa imefungwa. Magamba hayayeyuki yote. Yanabanduka, yanasafiri, na yanakwenda kuziba kitobo kile kile ulichokisafisha jana. Boila ya namna hiyo inashushwa, inafunguliwa, inalowekwa peke yake. Ni kazi ya siku nzima kwa fundi mwenye subira.

Kuhusu kuchemsha: kunasaidia kiasi, ndiyo maana sufuria yako ina weupe chini. Lakini hakuondoi chokaa yote. Kitambaa kinazuia mchanga, hakizuii kilichoyeyuka. Na ikiwa kisima chako kina ladha ya chumvi, kiache kabisa, maana chumvi hutoboa chuma cha pua vitundu vidogo vidogo, na hakuna dawa ya kuvirudishia.

Maji mazuri kwa Tanga ni ya mvua, yaliyokingwa baada ya mvua za mwanzo kuosha paa, yakachujwa na kuchemshwa. Ila yasiende matupu. Mashine nyingi hujua kina cha maji kwa kupitisha umeme mdogo ndani yake, na maji yasiyo na madini hayapitishi vya kutosha. Mashine itadhani boila ni tupu, iijaze mpaka maji yatokee kwenye bomba la mvuke. Basi yeyusha gramu 8.4 za bikabonati ya soda kwenye lita moja ya maji, weka kwenye chupa, na kila lita ya maji ya mashine itilie mililita 10 kutoka kwenye chupa hiyo. Ni bikabonati tupu, si beking pauda wala magadi ya kuivishia maharage. Kiasi hicho hukionji ulimini, na shaba inalindwa dhidi ya ukali wa maji ya mvua.

*Maji yanavuja pembeni mwa mpini kila nikitoa kahawa. Nimekaza mpaka mkono unauma. Nikaze zaidi?*
Msomaji, Ngamiani

Hapana, dada. Unachokaza ni gasketi, mpira wa kuzibia maji, iliyokwisha kuwa jiwe. Joto hukausha mpira, na mpira mkavu hausikii nguvu, unazidi kupasuka tu. Angalia mpini ukiwa umefungwa: ukiwa na gasketi nzima unakomea ukielekea kifuani kwako, au kushoto kidogo. Ukivuka kwenda kulia, gasketi imekwisha.

Kwenye vichwa vya E61 gasketi huwa na unene wa milimita 8, na ipo ya 8.5 kwa kichwa kilicholika. Usipime ya zamani kwa rula ukanunua ya kufanana nayo, imekwishabonyea, itakudanganya. Toa wavu wa chini ya kichwa. Gasketi ikigoma, ingiza skurubu ya mbao kwenye mpira wenyewe, shika kichwa cha skurubu kwa koleo, vuta. Kwangua masalia yote kwenye mfereji, kwa sababu punje moja ya kahawa ya mwaka jana inatosha kuirudisha hitilafu. Lowesha mpya kwa maji, upande uliokatwa mshazari uangalie juu, bonyeza kwa vidole kuzunguka pande zote, kisha funga mpini taratibu uipeleke mahali pake. Ya silikoni inadumu zaidi, na kama unaagiza, agiza hiyo, mbili kwa pamoja.

*Geji ya presha inapanda hadi baa 1.2 kwa muda mfupi tu, lakini nikifungua mvuke unatoka pumzi moja kisha kimya. Fundi anasema hita imekufa.*
Msomaji, Sahare

Hita haijafa. Ingekufa, geji isingepanda. Ulicho nacho ni mvuke wa uongo. Juu ya boila kuna vali ndogo inayoruhusu hewa kuingia mashine ikipoa na kutoka inapopata moto. Ikikwama imefunga, hewa inabaki ndani, inapashwa, inatanuka, swichi ya presha inakata umeme mapema. Kwa mvuke wa kweli, baa 1.2 ni kama nyuzi 123 za Selsiasi. Maji yako bado hayajafika huko.

Kwa leo, washa mashine na uache bomba la mvuke wazi hadi mvuke wenyewe uanze kutoka, ndipo ufunge. Ukiona sasa unadumu, tatizo umelijua. Dawa ya kudumu ni kuifungua vali hiyo mashine ikiwa baridi, kuiloweka kwenye ndimu ya unga, na kubadilisha kipete chake cha mpira. Ikiwa mvuke ni wa kweli lakini ni mwembamba, basi ni maziwa yaliyokauka kwenye matundu ya ncha ya bomba la mvuke. Hapo sindano inaruhusiwa.

*Ndugu yangu ameniletea mashine kutoka Marekani, volti 120, wati 1400. Nina transfoma ya wati 500. Itatosha?*
Msomaji, Muheza

Haitatosha, itaungua. Usishuke chini ya wati 2000, na sisi tungeweka 3000. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye volti 230 ndiyo mbaya zaidi: hita itavuta karibu mara 3.7 ya nguvu yake. Na transfoma haibadilishi mapigo ya umeme. Pampu ya kutetemeka iliyoundwa kwa hezi 60, kwa hezi 50 zetu hupiga polepole na kupata moto. Kubadilisha hita, pampu, vali za umeme na bodi ni gharama ya kukaribia mashine nyingine. Kama hujaanza kuitumia, mrudishie nduguyo kwa heshima.

*Shikamooni. Tulifunga nyumba masika yote. Tuliporudi, kila nikiwasha mashine breka ya uvujaji wa umeme inaanguka. Jirani amesema nikate waya wa ardhi.*
Msomaji, Chumbageni

Marahaba. Usiukate. Waya huo ndio unaokuzuia usigeuke wewe kuwa njia ya umeme, tena umeshika chuma chenye maji.

Inawezekana sana ni unyevu. Ndani ya hita, waya wa moto umezungukwa na unga wa magnesia, na unga huo ukikaa bila joto kwenye hewa ya pwani hunyonya unyevu kupitia ncha zake. Mwombe fundi umeme azitenganishe nyaya za hita, kisha apime kwa mega (kipimo cha uvujaji wa umeme) ya volti 500 kati ya hita na chuma cha mwili wa mashine. Ikisoma chini ya megaohmu 1, hita itolewe, ikaushwe kwenye oveni kwa nyuzi 110 hadi 120 kwa saa kadhaa, bila vipande vya mpira, ipimwe tena. Ikipanda vizuri, irudishwe. Isipopanda, imepasuka, nunua nyingine. Ikiwa hita ilikuwa nzima tangu mwanzo, apime pampu na vali za umeme moja moja kwa mtindo huo huo.