Jibu: Dhamiri ya mtoto inatoka wapi?

Salamu, ndugu wa Makambako. Umeuliza kama mwanao wa miaka mitano, aliyelia kwa sababu dada yake alipewa parachichi kubwa zaidi, amezaliwa na dhamiri au ameipata nyumbani na kanisani.

Kwanza mpe yeye lile kubwa, kisha umwangalie. Katika darasa la awali ninalofundisha hapa Iringa, karibu kila mtoto hulalamika anapopunjwa, lakini wanaorudisha walichozidishiwa ni wachache mno. Watafiti waliowapima watoto wa nchi 7, zikiwamo Senegali, India na Peru, walichapisha mwaka 2015 matokeo yanayokaribiana na hayo: kukataa kupunjwa kulijitokeza kote, ilhali kukataa kupendelewa kulionekana Uganda, Marekani na Kanada pekee, tena kwa watoto wakubwa zaidi.

Kwa hiyo nasadiki kwamba uchungu wa kuonewa hauhitaji mwalimu, bali uchungu wa kuona mwenzako anaonewa hujengwa na watu wanaomzunguka mtoto, na hapo ndipo kanisa, bibi na majirani wanapofanya kazi nzito, ambayo wanaodai kwamba yote ni maumbile huipita haraka mno.

Usimkemee kwa kilio kile, kwa kuwa ni mwanzo halali. Muulize angejisikiaje kama angekuwa dada yake, halafu siku nyingine mwachie yeye akate parachichi, na dada yake awe wa kwanza kuchagua kipande.