Usimtupie mzee "nakubali kabisa"

Siku ya kwanza nilifukuzwa. Kwa adabu, lakini nilifukuzwa. Nilikuwa na dodoso la imani za wazee kuhusu usafi wa kinywa, lililotafsiriwa kutoka Kiingereza, na sentensi ya tatu ilisema: "Kuna uwezekano mkubwa nitapata ugonjwa wa fizi." Bibi niliyekuwa naye pale Pangani akaacha kupeta mchele. "Mjukuu wangu, umekuja kuniapiza?"

Maswali ya namna hii chanzo chake ni Marekani miaka ya 1950, wataalamu walipojiuliza kwa nini watu hawaendi kupigwa eksirei ya kifua kikuu. Wakasema mtu huchukua hatua akiona yeye mwenyewe anaweza kuugua, maradhi ni mazito, kinga ina faida na vikwazo havimshindi. Sina ugomvi na nadharia. Ugomvi wangu ni maneno.

Anza na wengine: "Watu wa rika lako husumbuliwa na fizi?" Akishazungumza, ndipo uulize, "Na wewe, bibi?" Ukiishia kwenye swali la kwanza umepima anavyowaona jirani zake tu. Hapo ndipo nilipokuwa nikisikia, "Uzee ndio unaong'oa meno." Iandike neno kwa neno. Meno yanang'olewa na kuoza na maradhi ya fizi, ila anayeamini ni umri ataona mswaki wa nini.

Ngazi tano za majibu, kuanzia "nakubali kabisa" hadi "sikubali kabisa", zitupe. Mgeni hapingwi, kwa hiyo utakubaliwa kila kitu. Na sentensi za kukanusha ni balaa: babu mmoja alinijibu, "Ndiyo, sikubali," mpaka leo sijui nilipaswa kuweka tiki wapi. Nilipata nafuu nilipoazima kete tano za bao. Unaamini sana, weka zote. Huamini, usiweke hata moja. Wazee wa barazani wakaanza kubishana na kete zao wenyewe, wanaongeza, wanapunguza.

Halafu omba kuuona mswaki. Bibi mmoja aliniambia anapiga mswaki asubuhi na usiku, akaweka kete zote tano. Alipoutoa, nywele za mswaki zilikuwa zimesimama kama mpya. Akanionyesha vidole vilivyopinda kwa baridi yabisi: mpini mwembamba unamponyoka. Dodoso langu, kwenye vikwazo, lilikuwa na bei, muda na usahaulifu. Vidole havikuwamo. Tuliuviringishia mpini kipande cha tyubu ya baiskeli, nami nikaongeza swali pembeni kwa kalamu.