Simu kwa shilingi 3,000? Hesabu madau kwanza

Ndugu yangu, umeuliza kama huo mnada wa mtandaoni unaouza simu kwa shilingi 3,000 ni wa kweli. Simu yaweza kuwa ya kweli. Shida ni dau. Hapa Malindi ukishindwa kwenye mnada wa samaki unarudi nyumbani na pesa zako. Kule kila dau umelinunua, tuseme shilingi 60, nalo linapandisha bei shilingi 1 tu. Simu ikifika 3,000, madau 3,000 yashalipiwa: shilingi 180,000 kwa mwenye mnada.

Na ile saa inayohesabu kurudi nyuma, ikifika sifuri aliyeweka dau la mwisho ndiye anayeshinda, wallahi! Inafika sekunde 2, mtu anabonyeza, inarudi 15. Nilikesha nayo barazani mpaka adhana ya alfajiri, kila mara najiambia "hili la mwisho". Zikaenda 2,400, sikupata hata chaja. (Mke wangu hajui.)

Swoopo ya Ujerumani, iliyovuma kwa biashara hii, ilifilisika 2011. Ukishindwa kujizuia, tafuta mnada unaokukatia gharama ya madau uliyopoteza ukinunua kitu chenyewe kwa bei ya dukani, lakini bei hiyo kaiulize kwanza pale mjini.