Pudeli wangu aling'ata bila kunguruma, na kosa lilikuwa langu

Dada mleta mada, pole, na umfikishie pole zangu huyo mpwa wako aliyeng'atwa na mbwa wako. Kabla ya habari za mbwa, umeandika kwamba kidonda mlipaka spiriti mkakifunga kitambaa. Haitoshi. Hata kama ni tundu dogo la jino, linaoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo, na kadi ya chanjo ya mbwa mnakwenda nayo. Kama hamjaenda, weka simu chini uende, uzi utaukuta. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Na mbwa mwenyewe msimuue wala kumgawa wiki hii. Abaki nyumbani aangaliwe siku 10. Akizimaliza mzima, daktari atajua kwamba siku ile hakuwa na virusi kwenye mate.

Haya, kwa mnaoingia sasa: dada ana pudeli dume (mbwa wa nywele za kipilipili), yule mdogo kabisa, miaka mitatu. Alikuwa mpole. Huu mwezi wa pili ananguruma akiguswa kichwani, na juzi kamng'ata mtoto wa dada yake mkononi alipotaka kukaa naye kochini. Shemeji anataka mbwa aondoke kabla ya mwisho wa mwezi. Wachangiaji wa juu mmoja kasema apigwe ndala, mwingine kasema alazwe chali akandamizwe mpaka ajue bosi nani, wa tatu kasema pudeli ni pambo tu, meno yake ya sisimizi.

Ya ndala na ya kulazwa chali nimeyafanya kwa mikono yangu. Kovu ninalo, kati ya dole gumba na kidole cha shahada, mkono wa kulia.

Wangu anaitwa Kipilipili, kwa ajili ya nywele zake. Nilimpata Tabata kwa familia iliyokuwa inahama nchi, akiwa na mwaka mmoja na miezi. Walisema "hana shida yoyote". Ukimkaribia akiwa amelala alinguruma, na kila aliponguruma nilimpiga ndala. Baada ya wiki kama tatu akanyamaza kabisa. Nikatamba mtaani kwamba nimemnyoosha. Ndipo Jumamosi moja nimemweka mapajani, nachana nywele za sikio la kushoto, redio inaongea, mara mkono umejaa damu. Hakunguruma, hakuonyesha jino. Nilikuwa nimekata honi ya daladala nikadhani nimetengeneza breki.

Mbwa anaponguruma anakuomba usogee. Ukimpiga kwa kuomba, ombi linakoma lakini linalomsumbua liko palepale. Na pudeli ana akili mno, anajifunza haraka kuliko mwalimu: wangu alijua kunguruma kunaleta ndala, lakini jino linaleta amani papo hapo, maana kila mtu anakimbia.

Daktari wa mifugo hakuniuliza habari za ubosi. Aliniambia nimshike, akamfunga mdomo kwa bandeji, akainua lile sikio. Harufu ilitoka kama maziwa yaliyochacha. Ndani kulikuwa na nta ya kahawia nyeusi, na katikati ya nta kichaka cha nywele kimeziba tundu lote. Pudeli wana hiyo: nywele zao hazipukutiki kama za mbwa wengine, zinaendelea kukua tu, mpaka ndani ya masikio, na masikio yenyewe yananing'inia, hewa haipiti. Kwa joto na unyevu wa Dar ni chungu cha kuvundika uchafu. Mimi nilikuwa navuta chanuo juu ya jipu, kila Jumamosi, miezi.

Akaendelea kumkagua. Kwapani nywele zilikuwa zimeshikana na kuwa kama kipande cha mkeka, kila hatua anayotembea mkeka unavuta ngozi. Tulinyoa kote. Alitoka amebaki kama mbuzi aliyenyonyoka, mke wangu akalia kwa kicheko, lakini usiku ule mbwa alilala ubavu kwa mara ya kwanza tangu aje kwetu. Dawa ya matone siku 14, na kuanzia hapo nusu ya ukali ukaisha bila somo lolote.

Kwa hiyo dada, mbwa aliyekuwa mpole akabadilika ghafla kwa sababu ya kuguswa kichwani, kituo cha kwanza ni daktari. Mwambie aangalie masikio, na meno pia, maana hawa wadogo mdomo hauna nafasi na meno yanaoza mapema. Aangalie na vifundo vya magoti ya nyuma; pudeli wadogo magoti yao huchomoka, utamwona anaruka hatua moja kwa miguu mitatu kisha anaendelea kama kawaida, na hapo ukimbeba vibaya anaumia. Akiwa mzee ungeuliza na macho. Msikubali "ni tabia yake" kabla hajakaguliwa.

Nusu iliyobaki ya Kipilipili ilikuwa woga na kochi.

Kochi kwanza, maana ndipo mpwa wako alipoumia. Usimvute kwa mkanda wa shingoni. Chukua kuku wa kuchemsha, bila chumvi na bila kitunguu (kitunguu ni sumu kwa mbwa), vipande vidogo kama punje ya mahindi. Mbwa akiwa juu, tupa kipande sakafuni, sema "shuka". Akishuka akala, mwache apande tena. Ndiyo, apande. Hapo ndipo watu hunibishia, lakini hilo ndilo linalomfundisha kwamba kushuka si kunyang'anywa. Mara kumi kwa siku, wiki mbili, kisha neno lenyewe litamshusha na kuku utakuja baadaye. Watoto wasifanye zoezi hili. Nasema watoto, na shemeji akiwa na hasira, naye vilevile.

Anayelinda bakuli au mfupa ni mwendo huohuo: unapita mbali, pale ambapo bado anaendelea kula kwa raha, unamrushia kipande unaondoka. Kesho hatua moja karibu. Akikakamaa umezidisha, rudi nyuma. Jifunze kuusoma huo mwili kabla ya meno: anaganda, anageuza uso, anaramba pua wakati hakuna chakula, anapiga miayo bila usingizi, weupe wa jicho unatokeza pembeni. Ungekuwa na video ya siku ile, naamini ungeona matatu kati ya hayo kabla mkono wa mtoto haujafika.

Somo la woga nilipewa na mama mkwe. Ni mtu wa Pangani, Muislamu wa Kishafii, kwake mate ya mbwa yakimgusa ni kuosha mara saba, moja kwa udongo. Alipokuja kukaa kwetu mwezi mzima nilijua kutakuwa na vita. Akaingia, akasema, "Huyo kondoo wenu akae hukohuko," akaketi dirishani na ukili wake akisuka. Hakumtazama, hakumwita, hakumnyooshea mkono. Siku ya nne nimerudi kazini, nakuta Kipilipili amelala hatua mbili kutoka miguuni kwake, tumbo nje. Mama mkwe akanitazama kama mimi ndiye niliyemtuma.

Wageni wetu wote wengine walikuwa wakimwona tu wanamvamia: jamani mzuri, njoo, wanambeba, wanamkumbatia usoni. Mnyama wa kilo nne, jitu la kilo themanini linamwinamia. Siku hizi mgeni akiingia kwangu anaambiwa afanye kama mama mkwe. Mbwa akitaka atakuja mwenyewe, na akija anakunwa kifuani, si utosini.

Kuhusu kumlaza chali: hilo la "bosi wa kundi" lilitokana na kutazama mbwa mwitu (wolf) wasio ndugu waliofungiwa pamoja. David Mech, mtafiti Mmarekani aliyechangia kulieneza miaka ya 1970, mwaka 1999 aliandika kwamba porini kundi ni baba, mama na watoto wao, si mashindano ya ubosi. Na pudeli si mapambo. Asili yake ni mbwa wa Ulaya wa kuokota bata majini, hata jina lina asili ya Kijerumani, la kurusha maji. Mfungie sebuleni siku nzima bila matembezi, uone hizo akili zinakwenda wapi.

Kuhasiwa? Kunapunguza kuzurura na kutia mkojo ukutani. Woga hakuuondoi. Usilipe kwa matumaini hayo.

Shemeji mpelekee mpango badala ya machozi: daktari wiki hii, kizuizi cha mlangoni kila mtoto akija, kikapu cha mdomoni ambacho mbwa kazoezwa kukivaa kwa kuku, si kwa nguvu, halafu miezi miwili ya mazoezi. Ikiwa baada ya hapo bado anatoa damu na mtoto anaishi humohumo, basi atafutiwe nyumba ya watu wazima, na hao watu waambiwe kila kitu. Mimi nilikuja kusikia baadaye kwamba Kipilipili alishawahi kumng'ata dada wa kazi wa wale waliosema hana shida. Ningeambiwa, hili kovu nisingekuwa nalo.

Ana miaka tisa sasa. Jana jioni nilitoa chanuo, akanguruma, kwa chini sana. Nikaliweka mezani, nikamrushia kuku, nikangoja mpaka akaja mwenyewe na kuegemea goti. Sikio la kushoto, jekundu tena. Saa tatu asubuhi tupo kwa daktari.