Mama hajapigwa risasi, amepigwa picha

Swali limetoka kwa msomaji wa Dodoma, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa utengenezaji wa filamu. Anasema darasani wamepewa kijitabu kilichofasiriwa kutoka Kiingereza, nacho kinafundisha "risasi ya karibu", "risasi ya kati" na "risasi pana", kisha "mwanga wa ufunguo" na "uzuiaji wa waigizaji". Huko anakojitolea kazini, wenzake wanasema "shoti", "klozi" na "waidi". Anauliza lipi ni Kiswahili, na kwenye mtihani aandike lipi. Mwishoni ameongeza: je, "kata!" anayoipigia kelele mwongozaji nayo ni kosa?

Mengine yatasubiri. Nianze na risasi, ambayo kijitabu kimeiweka mahali pa "shot" ya Kiingereza, yaani kipande kimoja cha picha ya kamera, kwa sababu neno hili limenikera muda mrefu. Nimelikuta kwenye manukuu ya video za mafunzo, nimelikuta kwenye maelezo ya kamera, nikajisemea kwamba mashine imefasiri na hakuna aliyesoma. Lakini kijitabu cha darasani amekishika mwalimu, amekitoa nakala na kumkabidhi mtoto wa watu akikariri. Hapo siwezi kunyamaza.

Chukua ukurasa wa mswada wa filamu ulioandikwa kwa kufuata kijitabu hicho:

"Ndani. Usiku. Mama ameketi kitandani, anakunja nguo za marehemu mumewe. Risasi pana. Mlango unafunguliwa. Mwanawe anaingia, anasimama. Risasi ya kati. Mama anageuka. Risasi ya karibu. Anafumba macho."

Msomee mtu yeyote aliyelelewa kwa Kiswahili, kisha muulize nini kimetokea chumbani humo. Atakwambia kijana ameingia na bunduki akamuua mama yake. Risasi tatu zimelia, ya mwisho kwa karibu, na yale macho hayatafumbuka tena. Fundi wa sauti atauliza mlio auweke wapi. Mpambaji atauliza damu iwe kwenye shuka au kwenye nguo. Na mwandishi alitaka kitu kimoja tu, kwamba tuuone uso wa mjane anapomtambua mwanawe aliyepotea.

Sasa ngoja filamu iwe ya majambazi kweli. Jambazi anafyatua, na mwongozaji anataka tulione ganda likidondoka sakafuni. Kwa kijitabu hiki ataandika nini? "Risasi ya karibu ya risasi"? Neno likishindwa kusimama karibu na maana yake yenyewe, limekwisha.

Risasi tumeipata kwa Waarabu, na asili yake ni madini, ile metali laini na nzito ya kijivu. Mpaka leo tunasema madini ya risasi. Kutoka kwenye madini jina likahamia kwenye kile kinachotoka mtutuni. Hakuna mahali popote katika safari hiyo ambapo neno lilipita kwenye kamera.

Najua utetezi utakaokuja. Utaambiwa kwamba kamera na bunduki ni ndugu, na kweli mwaka 1882 Mfaransa Étienne-Jules Marey alitengeneza kamera yenye umbo la bunduki, yenye kitako na mtutu, akawalenga ndege warukao na kupata picha 12 kwa sekunde moja. Historia nzuri, na mwanafunzi wa filamu anapaswa kuijua. Ila Marey alirudi nyumbani na picha. Hakurudi na nyama.

Kosa lenyewe liko hapa. Kiingereza kina kitenzi kimoja, "shoot", kinachofaa kwa bunduki na kwa kamera, na kutoka kwenye kitenzi hicho kimeunda nomino moja, "shot", kwa yote mawili. Mfasiri akafungua kamusi, akaona "risasi" juu kabisa, akainakili. Laiti angetega sikio kwenye lugha yake mwenyewe! Sisi pia tunacho kitenzi kimoja, tena chenye uwezo kuliko hicho: kupiga. Tunapiga risasi, tunapiga picha, tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga deki, tunapiga mswaki, tunapiga hodi. Kazi yote inafanywa na kupiga, na nomino inayofuata ndiyo inayosema kumetokea nini. Ukiibadilisha nomino umebadilisha tendo zima. Mtu aliyepiga pasi akaambiwa amepiga deki hatakubali, na aliyepiga picha asikubali kuambiwa amepiga risasi.

Basi tuseme picha. Tena wapiga picha wa mtaani walikwisha kutuonyesha njia zamani. Nilipokuwa mtoto, ukiingia studio uliulizwa: ya kusimama au ya nusu? Mwili wa mtu ndio ulikuwa kipimo. Endelea hapo hapo: picha ya uso, picha ya kifua, picha ya kiuno, picha ya magoti, picha ya mwili mzima, picha ya mbali. Mpiga kamera akisikia "picha ya kiuno" anajua aikate wapi bila kuuliza. "Risasi ya kati" inakata wapi? Kati ya nini na nini?

Wapo watakaosema picha tayari ni filamu nzima, kwani tunasema "picha linaanza" na kila mtu anakaa vizuri. Ni kweli. Kwa hiyo ninapotaja kile kipande kimoja, tangu kamera inapoanza kurekodi hadi inaposimama, napenda "mpigo". Tunalo tayari katika "kwa mpigo mmoja", yaani bila kukatiza, na hiyo ndiyo sifa yake hasa. Onyesho hili lina mipigo saba; wa tatu ni picha ya uso. Lijaribuni mdomoni.

Na "shoti" ya wale vijana wa kazini? Hiyo naivumilia, ingawa kwa shida, maana shoti kwetu ni ya umeme, ile inayounguza nyumba. Mahali penye nyaya na taa kila kona nisingependa mtu apaze sauti "shoti!" halafu watu wasijue wakimbie au wakae. Lakini aliyesema shoti hakumdanganya mtu. Ameazima neno na kila mmoja anajua ameliazima, kama watu wa vibanda umiza, vile vya kuonyeshea video mtaani, walivyotuletea "steringi", yaani shujaa wa filamu, na leo hakuna asiyejua kwamba steringi hafi. Neno la kuazima lililovaa sauti za Kiswahili ni mgeni aliyebisha hodi. Risasi ya kijitabu imeingia ndani imevaa nguo za mwenye nyumba.

Mwanga wa ufunguo umetoka shimo hilo hilo. Kwa Kiingereza ufunguo husimama badala ya "kuu" au "muhimu", na sisi hatuna mazoea hayo. Hatusemi shahidi wa ufunguo. Ili uyapate majina ya taa, acha kamusi uangalie zinafanya nini. Mweke dada asubuhi kando ya dirisha, ungo wa mchele mapajani. Jua linampiga shavu la kulia: hiyo ndiyo taa kuu, ndiyo inayoamua sura yake ionekane vipi na kivuli kianguke upande gani. Shavu la kushoto limezama gizani, pua imelitupia kivuli chake. Simamisha sinia la alumini upande huo, nje ya picha, na utaona giza linalegea bila kuondoka. Kazi ile ile hufanywa na taa ya pili, kwa hiyo iite taa ya kulainisha kivuli. Kisha fungua mlango ulio nyuma yake. Mstari mwembamba wa nuru unapita kwenye ukingo wa khanga, begani na kisogoni, na dada anabanduka ukutani. Naiita taa ya kisogoni. Wanaosema "taa ya nyuma" siwalaumu, ila wakumbuke gari nalo linayo.

Uzuiaji wa waigizaji nusura unitoe machozi. Maana iliyokusudiwa ni kuamua nani asimame wapi, lini ainuke, apite mbele ya meza au nyuma yake. Huko ni kuwapanga waigizaji. Kuwazuia ni kinyume kabisa: mwanafunzi anafundishwa kwamba kazi ya mwongozaji ni kuweka vizuizi. Na wenzetu wa tamthilia wanayo maneno mazuri yanayongoja kutumiwa: jukwaa, mandhari, maleba (mavazi ya waigizaji), onyesho. Mbona hawakuulizwa?

Miendo ya kamera haina ugomvi. Kamera ikigeuka kushoto na kulia pale iliposimama, inageuzwa. Ikitazama juu au chini, inainuliwa au inainamishwa. Ikihama na miguu yake, inasogezwa. Lenzi ikileta kitu karibu na kamera haijahama, picha inavutwa. Usichanganye kusogeza na kuvuta: ukisogeza, kilicho nyuma ya mtu kinabadilika uwiano naye, ukivuta, vyote vinakua pamoja.

Kwenye mtihani, ndugu yangu, andika picha ya uso, taa kuu, kuwapanga waigizaji, na mbele ya kila moja eleza kwa sentensi moja linafanya nini. Msahihishaji akikukata maksi, mpelekee ule ukurasa wa mjane, umwombe ausome kwa sauti.

Kuhusu "kata!", hilo liache lilivyo. Hata kama limefasiriwa neno kwa neno, limeangukia mahali pa kweli. Filamu ilikuwa utepe, nao ulikatwa kwa makali na kuunganishwa kwa gundi. Mwigizaji anayelisikia kwa mara ya kwanza husimama bila kufundishwa.