Kabla hujagonga mlango wa kituo cha watoto yatima

Maswali ya wiki hii karibu yote yanahusu kutembelea vituo vya watoto. Nimechagua matano.

Tuko watu 30, tunataka kwenda siku ya sikukuu. Tufike saa ngapi?

Sikukuu ndiyo siku ambayo kila mtu huenda. Watoto hushinda vitini wakisikiliza hotuba, kisha wanawaimbia kundi la tatu wimbo uleule. Nendeni wanne au watano, siku ya kawaida. Pigeni simu kwanza, mwaulize walezi saa isiyowavuruga.

Siku yao huwaje hasa?

Huanza mapema, kwa foleni ya bafuni. Asubuhi moja nilimkuta mlezi akimsuka mtoto nywele huku akimsikiliza mwingine akisoma kwa sauti. Pembeni palikuwa na zogo la soksi. Kila soksi ilishonwa namba ya mwenyewe kwa uzi mwekundu, na mtoto wa namba 14 alikuwa amevaa moja yake na moja ya namba 9. Wa namba 9 alilia kwa hasira hadi nikashangaa: soksi tu? Baadaye nikaelewa. Sahani ni za wote, wanasesere ni wa wote, hata mlezi ni wa wote. Soksi ni yake.

Wakishaenda shule, nyumba inapoa. Walezi wanafua, wanapiga deki, wanakabidhiana zamu. Jioni ni kazi za shule, kuoga, kulala.

Mtoto wa miaka mitatu alinirukia mara tu nilipoingia, akaniita mama. Nimekosa usingizi. Nifanye nini?

Pole, dada. Mtoto anayelelewa na watu wa zamu anaweza kuzoea kumkimbilia yeyote aingiaye, hivyo usidhani amekuchagua wewe. Huko Bucharest, Romania, watafiti walianza mwaka 2000 kuwafuatilia watoto 136 waliokuwa wakiishi kwenye taasisi. Waliopelekwa kwa familia za malezi walipata nafuu, hasa waliohamishwa kabla ya kutimiza miaka miwili. Mtoto anahitaji mtu wa kudumu. Kama unaweza kufika kila wiki kwa mwaka mzima, zungumza na walezi. Kama huwezi, usimwambie "nitarudi". Yeye atahesabu siku.

Naweza kupiga picha na kumuuliza mtoto wazazi wake walifariki vipi?

Hapana, yote mawili. Faragha ya mtoto inalindwa na ibara ya 16 ya Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989. Tena huenda unauliza kifo ambacho hakikutokea: wengi wa wanaoitwa yatima vituoni wana mzazi hai aliyeelemewa na ufukara au maradhi. Mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa 2009 unasema umaskini peke yake usiwe sababu ya kumtoa mtoto kwao. Muulize mkuu wa kituo ni wangapi wamerudishwa kwa ndugu zao mwaka huu. Akibabaika, weka pochi yako mfukoni kwanza.

Nipeleke zawadi gani?

Uliza. Mimi nilifika na wanasesere, mlezi akanifungulia makabati mawili yaliyojaa wanasesere. Walichokosa ni kamba ya kuanikia nguo. Safari iliyofuata nilikwenda na mita 20 na vibanio. Aliyenishikia ncha nikiifunga ni yule wa soksi namba 9, na alitaka kujua kama kuna kibanio chake.