Dashibodi yao ilikuwa kipande cha uzi
Umeuliza marubani wa mwanzo walijuaje mwendo na mwelekeo bila dashibodi. Vifaa vilikuwepo, ila vichache mno.

Tarehe 17 Desemba 1903 kule Kitty Hawk, Marekani, ndege ya ndugu wawili, Wilbur na Orville Wright, waanzilishi wa ndege za injini, ilibeba vitatu tu: saa ya kupimia sekunde, kipima upepo kilichotengenezwa Ufaransa, na kihesabio cha mizunguko ya injini. Tena havikuwa vya kumwongoza rubani. Mtu kalala kifudifudi juu ya bawa, anapambana na upepo, saa ataiangalia saa ngapi? Vilisomwa baada ya kutua. Safari ya kwanza siku hiyo ilikuwa sekunde 12, mita 36 hivi.

Kinachonifurahisha mimi ni uzi. Ndugu hao waliufunga mbele ya rubani. Ukipeperuka moja kwa moja kumwelekea, ndege inakwenda sawa. Ukilala upande, ujue inateleza kiubavu. Hautaki umeme, hautaki fundi. Marubani wa ndege zisizo na injini wanaubandika kwenye kioo mpaka leo.

Kuhusu mwelekeo, hapo ni macho na bahati. Rubani Mfaransa Louis Blériot alipovuka bahari kutoka Ufaransa kwenda Uingereza, 25 Julai 1909, hakuwa hata na dira. Kama dakika 10 hivi hakuona nchi kavu upande wowote, akaiacha ndege ijiendee, mpaka pwani ya Uingereza ikajitokeza mbele yake.